Shajara ya mradi: kuutoa mtambo wa simu wa chuo na kuweka Asterisk

Januari 2025, wiki ya pili

Mkataba wa matengenezo wa mtambo wa simu uliisha Desemba. Kampuni imeleta ankara ya kuuhuisha. Mkurugenzi wa Fedha ameisoma mara mbili, kisha akauliza kama mtambo huo unapika na chai. Swali hilo limefanya kazi kuliko ripoti zetu zote za nyuma.

Tuseme haki, mtambo si mbovu. PABX hii imevumilia joto la Dar es Salaam, panya, na mafundi wa kila aina. Shida ni kwamba chuo kiliinunua lakini hakiimiliki. Ukitaka kuongeza ekstensheni, unanunua leseni. Ukitaka ekstensheni hiyo iwe na kisanduku cha ujumbe wa sauti, leseni nyingine. Ukitaka kubadilisha maneno anayosikia mtu akipiga namba kuu, unamsubiri fundi wa kampuni aje na kompyuta yake yenye nywila ambayo sisi tulioulipia mtambo hatupewi. Ofisi ya Udahili iliomba tangazo jipya msimu uliopita. Lilipowekwa, dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa.

Kikao kimeridhia tujaribu Asterisk, programu huria inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, kwa sharti moja: simu zisinyamaze saa za kazi. Timu ni mimi, mwenzangu wa mtandao, na Mzee wetu wa MDF (chumba zinakokutania waya zote za simu) anayestaafu mwisho wa mwaka. Nimeanza shajara hii kwa ajili ya atakayerithi kazi, na kwa mafundi wa vyuo vingine wanaokaa na ankara kama yetu mezani.

Januari, wiki ya mwisho

Wakubwa wameuliza swali la msingi: kuna chuo kilichofanya hivi kikabaki salama?

Vipo, tena siku nyingi. Sam Houston State University cha Huntsville, Texas, kilianza mwaka 2006 kuhamisha simu zake kutoka CallManager, mtambo wa simu wa Cisco, kwenda Asterisk. University of Pennsylvania, kule Philadelphia, waliingilia mlango wa ujumbe wa sauti: wakaamua kuachana na Octel, mtambo wao wa ujumbe wa sauti, na kuweka Asterisk mahali pake. Asterisk yenyewe ilianza mwaka 1999. Mark Spencer, akiwa bado mwanafunzi wa Auburn, alifungua biashara ya kuwasaidia watu wa Linux, akahitaji PABX, akakuta bei haishikiki, akaamua kuiandika mwenyewe. Kampuni yake, Digium, iliweka makao Huntsville, ila hiyo ni Huntsville ya Alabama, siyo ya Texas. Mjumbe mmoja wa kikao alizichanganya na nusu saa ikaishia hapo. Mwaka 2018 Digium ilinunuliwa na Sangoma ya Kanada, na programu imeendelea kuwa huria.

Tumechagua Asterisk 22, toleo la muda mrefu lililotoka Oktoba 2024. Debian 12, mfumo wa Linux wa seva yetu, haina Asterisk kwenye hazina yake, kwa hiyo tunaijenga kutoka msimbo wenyewe. Tahadhari kwa wanaoanza: chan_sip, moduli ya zamani ya SIP (lugha ya simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta), iliondolewa kabisa kwenye toleo la 21. Maelekezo mengi yaliyozagaa mtandaoni bado yanaitumia. Ukiona sip.conf kwenye somo lolote, funga ukurasa utafute lingine la PJSIP, moduli mpya.

FreePBX, programu ya kuiendesha Asterisk kupitia kivinjari, tumeijaribu. Ina kurasa nzuri za kubofya, lakini inaandika mafaili ambayo binadamu hapaswi kuyagusa, na sisi tumetoka kwenye mtambo tusioruhusiwa kuugusa. Tutaandika mafaili kwa mkono na kuyahifadhi kwenye git, programu inayotunza kila badiliko. Mwenzangu alibisha kidogo, kisha akaona mabadiliko ya jana na ya leo yamepangwa mstari kwa mstari, akaacha kubisha.

Februari

Sensa ya simu. Kwenye karatasi tuna ekstensheni zaidi ya 600. Tumepita jengo kwa jengo na kifaa cha toni, Mzee akiwa kwenye MDF na mimi nikiwa upande wa pili wa waya, na zinazolia kweli hazifiki 400.

MDF ya chuo ni chumba chembamba chenye ukuta mzima wa vitalu vya Krone vya kubania waya na waya za kuunganishia zilizosukana za rangi mbili. Lebo za karatasi zilikwisha kuliwa na unyevu. Mzee hazihitaji. Unamwambia "Shikamoo Mzee, naomba Maabara ya Udongo," naye anagusa pini bila kuvaa miwani. Nilimwomba atulie tuyaandike yote kwenye jedwali, tukakaa humo alasiri baada ya alasiri. Nadhani jedwali hilo ndilo zao kubwa kuliko yote ya mradi huu, na halina uhusiano wowote na programu.

Kwa sababu humo ndimo zilimofichwa simu ambazo hakuna ofisi iliyozitaja. Simu ya dharura ndani ya lifti ya jengo la utawala. Kifaa cha tahadhari ya moto cha maktaba, ambacho hupiga chenyewe kwa walinzi. Mashine ya faksi ya kitengo kimoja cha fedha, ambayo wenyewe waliapa haitumiki, na siku hiyohiyo ikatema kurasa mbili mbele yetu. Waya mmoja unaishia kwenye stoo iliyofungwa; ukipiga, unasikia kengele ikilia ndani na hakuna mwenye ufunguo.

Machi, wiki ya pili

Kazi ya kuiweka seva ya Asterisk katikati ya kampuni ya simu na PABX imefanyika Jumamosi usiku, baada ya tarawehe ili wenzetu waliofunga nao wawepo.

Hii ndiyo mbinu inayoruhusu kuhama bila kelele. Laini yetu ya nje ni E1: Mbps 2.048 zilizogawanywa vipande 32, ambapo 30 hubeba maongezi, kipande namba 0 hushika mapigo (ya kuzilinganisha saa za mitambo) na namba 16 hubeba ishara. Zamani ilitoka kwenye kampuni ya simu ikaingia moja kwa moja kwenye PABX. Sasa inaingia kwenye kadi yenye milango miwili ndani ya seva yetu. Mlango wa kwanza unazungumza na kampuni ya simu kama mteja. Wa pili unazungumza na PABX ya zamani, na unajifanya ndio kampuni ya simu. PABX haijui kama kuna mtu katikati. Simu ikiingia, Asterisk inaangalia: namba hii imeshahama? Kama imehama inalia kwetu, la sivyo inapitishwa kwenye mtambo wa zamani kama ilivyokuja. Kuhamisha mtu mmoja ni kubadilisha mstari mmoja, na kumrudisha ni hivyohivyo.

Mistari iliyotufanyia kazi kwenye /etc/dahdi/system.conf, faili la mipangilio ya kadi hiyo (span 1 ni mlango wa kwanza, span 2 ni wa pili):

span=1,1,0,ccs,hdb3,crc4
span=2,0,0,ccs,hdb3,crc4
bchan=1-15,17-31
dchan=16
bchan=32-46,48-62
dchan=47

Tazameni namba ya pili ya kila span. Ile 1 inasema "chukua mapigo kutoka huku", na 0 inasema "usichukue, toa". Mapigo lazima yatoke kampuni ya simu, yapite kwetu, yafike PABX. Yakigeuzwa, watu watazungumza vizuri tu na utadhani umemaliza, ila faksi zitakatika katikati ya ukurasa na kwenye maongezi kutakuwa na mlio wa "tik" kila baada ya muda. Faksi ya wale jamaa wa fedha, ambayo haitumiki, ndiyo imekuwa kipimo chetu.

Jumatatu hakuna aliyegundua chochote.

Aprili

Masika yameanza na radi imeunguza kadi moja ya laini kwenye PABX. Mwaka jana hilo lingekuwa janga. Safari hii tumezihamisha ekstensheni zake zote mchana uleule.

Ila mvua imetukumbusha jambo lingine, nalo ni umeme. Simu ya waya wa shaba inapata umeme wake kutoka kwenye mtambo, ambao una rundo la betri za volti 48. Jengo likizima taa zote, simu ya mlinzi bado inalia. Simu ya IP, inayopita kwenye mtandao wa kompyuta, inategemea swichi ya jengo hilohilo, na swichi inategemea UPS ambayo pengine betri yake ilikufa zamani na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo tumeamua: malango yote, kituo cha afya, mabweni na lifti vinabaki kwenye shaba. Tumeweka geti za SIP zenye milango ya analojia (vifaa vya kuunganisha simu za shaba na seva) ndani ya chumba cha MDF kilekile, kwenye betri zilezile. Wasimamizi wa bweni hawatabadilishiwa hata mkonga. Namba za dharura za 112 na 114 tumezijaribu kutoka kila lango, kwa kuongea kwanza na wahusika.

Kuna waliosikitika kwamba "hatuendi kisasa" huko. Sawa.

Upande wa ofisi, kila simu ya IP hupata mipangilio yake yenyewe ikichomekwa: DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, inaielekeza kwenye seva, nayo inavuta faili lenye jina la anwani yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe). Sauti iko kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa. Tunatumia muundo wa sauti wa G.711 ndani ya kampasi; maongezi mamoja hula takriban kbps 87 kila upande ukihesabu na vifungashio vya pakiti, na hata E1 yetu ikijaa ni kama Mbps 2.6. Kwa mtandao wa chuo hicho si kitu. Kwa kampasi ndogo iliyoko mkoani tunatumia muundo wa Opus, ambao huvumilia pakiti zikipotea.

Mei, wiki ya kwanza

Ujumbe wa sauti. Visanduku vya zamani vimejaa vumbi: vingi havijafunguliwa tangu mwenye ofisi ahame. Jumbe zilizomo zimehifadhiwa kwa muundo wa kampuni na hazitoki. Tumetoa tangazo la mwezi mmoja kwa mwenye chake aje asikilize. Wamekuja wachache, mmoja akitaka kusikia tena sauti ya profesa wake aliyefariki. Tumempigia kwa spika na kuirekodi kwa kinasa sauti cha kawaida.

Sasa, kwa kuwa nusu ya ofisi bado ziko kwenye PABX, tulitaka hata hizo zitumie visanduku vipya mara moja. Simu isipopokelewa, PABX inairusha kwetu. Lakini Asterisk inahitaji kujua ilikuwa inaelekea kwa nani ili ifungue kisanduku sahihi, na PABX ingeituma namba hiyo iwapo tu tungenunua… leseni. Basi tumezunguka. Kila ekstensheni ya zamani imeambiwa isipopokelewa irushe kwenye namba yake yenyewe ikiwa na 8 mbele. 2145 inarusha kwenye 82145. Asterisk inakata ile 8 na kinachobaki ndilo jina la kisanduku. Bila leseni.

Ujumbe unafika pia kwa barua pepe ukiwa kiambatisho. Muundo wa kawaida wa wav hula karibu KB 960 kwa dakika; tumetumia wav49, ambayo ni chini ya KB 100 na husomeka kwenye kompyuta zote za makatibu. Kituo cha afya pekee hakitumiwi kiambatisho. Mwanafunzi akieleza ugonjwa wake kwenye simu, sauti hiyo haina sababu ya kutembea kwenye barua pepe na kusambazwa kwa mbofyo mmoja, na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si hisani tena. Wao hupiga na nywila wasikilize hukohuko.

Mei, wiki ya tatu

Tumemaliza Kiswahili cha mtambo, na hapa ndipo nilipofurahia zaidi.

Asterisk haina sentensi nzima. Ina vipande vya sauti inavyovipanga kwa mpangilio wa Kiingereza: vm-youhave, kisha idadi, kisha vm-INBOX (yaani "mpya"), kisha vm-messages. Ukitafsiri kipande kwa kipande unapata "una tatu mpya jumbe", na anayesikiliza anadhani mtambo umelewa. Kurekebisha msimbo wa C tungeweza, lakini kila toleo jipya tungelazimika kurudia. Njia nyepesi ilikuwa kurekodi vipande kwa ujanja. Cha kwanza kinasema "Kwenye kisanduku chako, meseji", idadi inafuata, cha tatu kinasema "mpya", na cha mwisho ni ukimya. "Kwenye kisanduku chako, meseji… tatu… mpya." Kisanduku kikiwa kitupu, vm-no inasema "hakuna". Mwalimu mmoja wa Kiswahili alitaka tuseme "ujumbe". Ningependa, ila ujumbe mmoja na jumbe tatu vinataka maumbo mawili, na mtambo una pengo moja tu. Meseji moja, meseji tatu. Imepita.

Kisha saa. Mtambo ukisema ujumbe uliingia "saa tisa asubuhi" kwa sababu kompyuta inaona 9:00, umempoteza mtu. Tulianza kuandika hesabu ya kutoa sita, mpaka mwenzangu akaja na wazo. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Toa saa sita, unapata saa tatu nyuma ya Greenwich. Basi watumiaji wa Kiswahili wapewe ukanda wa saa wa huko:

sw=Etc/GMT+3|'vm-received' Q 'saa' IMp

(Alama ya kujumlisha isiwachanganye: kwenye kanda za Etc alama zimegeuzwa, +3 ni nyuma.) Saa 9:00 yetu asubuhi, kwenye ukanda huo ni 3:00. Saa tatu! Na zaidi ya hapo: kile mtambo unachokiita AM kwenye ukanda huo kinaanza kwetu alfajiri saa kumi na mbili na kuishia jioni saa kumi na mbili. Yaani ni mchana wetu kamili, na PM ni usiku wetu kamili. Tumerekodi a-m kuwa "mchana" na p-m kuwa "usiku". Kanuni chache kwenye say.conf zinaweka "na" kwenye "ishirini na tano", na "kamili" dakika zikiwa sifuri. Ujumbe wa saa nane za usiku unatajwa kuwa wa jana, na kwa masikio yetu hiyo inakubalika: jana saa nane usiku. Panapochubuka ni kwenye saa kumi na mbili yenyewe, maana ya jioni inaitwa usiku. Tunaishi nayo.

Sauti ni ya dada wa swichibodi. Miaka yote watu wamepiga namba kuu wakamsikia yeye, kwa nini tulete mgeni? Tumerekodi chumbani kwake feni ikiwa imezimwa, tukazishusha rekodi kwa programu ya sox hadi 8 kHz chaneli moja. Anasema "nukta" vizuri kuliko mtangazaji yeyote.

Mei, mwisho

Kuna aliyependekeza tununue kifaa cha laini za simu za mkononi, tukijaze laini, tupate simu za bei nafuu. Nimekataa kwa maandishi. Nchi hii watu wameshafikishwa mahakamani kwa kupitisha simu za kimataifa kwenye vifaa vya aina hiyo, na hata kama nia yetu ni njema, sitaki kuwa ndiye wa kuieleza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tofauti.

Juni

Ofisi za wakubwa. Tumeziacha mwishoni makusudi.

Simu ya mkuu wa kitivo hailii kwake. Inalia kwa katibu muhtasi, anauliza ni nani, anamwambia bosi, ndipo anapitisha. Wachache tu hulia moja kwa moja. Hilo ni jepesi: orodha ya wachache iko kwenye hifadhidata ya Asterisk, na katibu huiongeza au kuipunguza mwenyewe kwa kupiga namba fulani. Kwenye simu ya katibu kuna taa inayowaka bosi akiwa anaongea. Nayo tumeiweka, kwa hint na BLF (seva kuiarifu taa hali ya simu ya mwingine), kama vitabu vinavyosema.

Siku ya pili katibu akaniita. "Mwanangu, hii taa yenu ni ya uongo."

Nikamwonyesha inawaka. Akatikisa kichwa. "Inawaka simu ikishaanza kuita. Ya zamani ilikuwa inawaka bosi akiinua tu mkonga. Mimi nikiiona namzuia mgeni mlangoni. Sasa leo nimemwingiza mgeni, bosi yuko na mkonga sikioni anabonyeza namba."

Yuko sahihi kabisa. Simu za zamani za kidijitali zililetewa mlio na mtambo wenyewe, kwa hiyo mtambo ulijua papohapo mkonga umeinuliwa. Simu ya SIP inajitengenezea mlio wake yenyewe na haiiambii seva lolote mpaka namba ikamilike na itumwe. Hakuna mwongozo ulioitaja tofauti hii, maana walioandika hawajawahi kulinda mlango wa bosi.

Dawa: simu za wakubwa hao tumezipa mpangilio wa kujipiga zenyewe mkonga ukiinuliwa, kwenda kwenye namba ya ndani inayoendesha DISA, sehemu ya Asterisk ambayo inatoa mlio wa kupigia kutoka kwenye seva. Bosi haoni tofauti. Anasikia mlio, anabonyeza namba. Lakini kwa seva tayari yuko kwenye simu, na taa inawaka. Katibu amekuja ofisini kwetu na karanga.

Julai

Dirisha la udahili la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) linafunguliwa, na Ofisi ya Udahili imehamia kwetu wiki kabla ya hapo. Tuliwajengea foleni, muziki, na kisanduku cha sauti chenye kikomo cha kawaida cha jumbe 100. Wiki ya kwanza kisanduku kilikuwa na jumbe chache mno na nyingi zilikuwa ukimya na mtu akisema "haloo? haloo?" Hapo nikaenda kwenye kumbukumbu za simu.

Jibu lilikuwa wazi kwenye safu ya muda. Simu nyingi mno zimekatwa kabla hazijapokelewa, zimelia mara moja au mbili. Watoto wanabipu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita yuko Tunduru au Kibondo, salio ni la kukopa, hatakaa kusikiliza piano yetu kwa shilingi zake wala kuachia mashine maelezo. Anabipu ofisi kama anavyombipu mjomba. Na PABX ya zamani ilikuwa ikizitupa simu hizo miaka yote, kwa kuwa kwa mtambo ule simu isiyopokelewa si kitu.

Tumegeuza mpango mzima. Kwanza, tangazo halipokei tena simu papo hapo. Ikipokelewa tu, mpigaji ameanza kukatwa salio. Sasa tunaiacha ilie mara tatu kwanza, ili mwenye kubipu apate nafasi ya kukata bila kulipa. Pili, kila simu iliyokatika inaingia kwenye ukurasa rahisi: namba, saa, na mara ngapi amejaribu. Namba huja kwenye E1 bila sifuri ya mbele, tunaiongeza. Karani anabofya, simu yake inalia, akiinua Asterisk inampigia kijana. Kijana akishapigiwa, namba yake inafutika kwa makarani wengine wote ili asipigiwe na watatu.

Kisanduku cha sauti cha Udahili tumekifunga. Nadhani huu ndio uamuzi bora wa mradi. Mkataba tuliouacha ungetuuzia visanduku zaidi.

Makarani waliguna siku mbili za kwanza, maana kazi iliongezeka. Kisha foleni ya watu dirishani ikapungua, wazazi waliokuwa wanapanda basi kuja kuuliza swali la dakika moja wamepungua, na kuguna kumeisha. Ofisi ya mikopo ya wanafunzi nayo imeomba ukurasa wake.

Agosti

Mashambulizi. Mlango 5060, unaopitisha SIP, ulifunguliwa kwenye intaneti kwa ajili ya kampasi ya mkoani, na kabla ya jua kuzama roboti za intaneti zilikuwa zinajaribu 100, 101, 102 na nywila 1234. Tumeufunga, kampasi sasa inapita kwenye WireGuard, njia ya siri ndani ya intaneti. Fail2ban, inayowafungia wanaokosea nywila, ipo, nywila za simu ni ndefu na za kubahatisha, na simu za kimataifa zinahitaji msimbo wa mtu binafsi. Wizi wa dakika hutokea Ijumaa usiku na hugundulika Jumatatu asubuhi, kwa hiyo tumeweka kikomo cha gharama kinachokata chenyewe wikendi.

Ukihangaika na sauti ya upande mmoja, weka sngrep, programu inayoonyesha ishara za SIP zinavyopita, kabla hujaanza kubahatisha.

Septemba, wiki ya kwanza

PABX imebakiwa na lifti, kengele ya moto ya maktaba, na ile simu ya stoo. Lifti inasubiri fundi wa lifti athibitishe kwa maandishi kwamba simu yake inakubali geti ya analojia. Kengele ya moto inajaribiwa na Zimamoto wiki ijayo, na mpaka waseme ndiyo haiguswi. Stoo imefunguliwa hatimaye: simu ya kuzungusha kwa kidole, nyeusi, nzima, juu ya rundo la karatasi za mitihani. Mzee ameomba aichukue akistaafu. Afisa Ugavi anasema ina namba ya mali ya chuo, kwa hiyo lazima ipite kwenye kamati ya kuondoa mali chakavu, pamoja na kabati zima la PABX. Tumejaza fomu za vyote viwili.